Umeme wa Mjerumani: shajara ya nyaya za nyumba ya Ngamiani, Tanga

Jumamosi ya kwanza

Shangazi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniambia friji linanuka samaki. Nikamjibu, basi kuna samaki ndani. "Mwanangu, mimi samaki sijamtia mkononi tangu Alhamisi. Friji nimelitoa vitu vyote, nimelifuta kwa siki, na bado linanuka changu aliyelala. Njoo uje ulione."

Mtu aliyekula samaki wa soko la Deep Sea tangu ameota meno haikosei harufu hiyo, kwa hiyo nilikwenda. Nikafungua friji: ndimu, maji, bakuli la kisamvu. Hakuna samaki. Nikainama nyuma yake kuangalia kama panya amefia huko, na hapo ndipo nilipogundua kwamba harufu inatoka ukutani. Soketi nyeupe, tundu lake la kulia limezungukwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikaigusa kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa ya moto kama kikombe kilichotoka kumiminwa.

Niliwahi kusikia kwamba plastiki ngumu ya vifaa vya umeme ikikaa kwenye joto muda mrefu hutoa harufu ya samaki. Wengine husema ya mkojo. Sikuwahi kuamini mpaka leo. Kwenye soketi hiyo moja, kwa kupitia eksitensheni, kulikuwa na friji, birika la umeme na pasi. Nikachomoa vyote.

Soketi yenyewe haina hata miaka mitano, niliinunua mimi. Nilizima meini swichi, nikahakikisha kwa testa, nikaifungua. Nyuma yake nyaya mbili tu, ya tatu hakuna. Na hizo mbili hazikuwa nyaya nizijuazo: zilivishwa kitambaa cheusi kama utambi wa jiko la mafuta. Nilipoukunja mmoja kidogo kuuchungulia, ganda likavunjika na kumwagika sakafuni kama machicha ya kahawa. Waya ukabaki uchi kiasi cha kidole kizima.

Shangazi amesimama mlangoni, kanga begani. "Usizichezee hizo. Umeme wa Mjerumani huo."

Maneno hayo nimeyasikia nyumbani kwetu tangu utoto. Taa ikififia, "umeme wa Mjerumani." Swichi ikitoa cheche, hivyo hivyo. Sikuwahi kuyapima. Waingereza waliutwaa mji wa Tanga Julai 1916. Kama umeme huu kweli uliwekwa na Mjerumani, basi friji la Shangazi linakula kwenye waya wa zaidi ya miaka mia moja.

Nimeandika kwenye kundi la ukoo. Majibu matatu ya pole, mmoja ameuliza kwani rangi itapakwa lini. Mchango uliopo hautoshi kung'oa nyumba nzima kwa mkupuo. Kwa hiyo mradi ni huu: kujua kila kipande cha waya kina umri gani na hali gani, ili tujue kipi kinatoka kesho na kipi kinaweza kungoja. Friji limehamia kwa jirani.

Jumapili

Nimezunguka na daftari nikiandika kila swichi na soketi. Nyumba ni ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko na vyumba viwili vilivyoongezwa. Swichi nyingi ni za plastiki nyeupe. Ukumbini ipo moja ya bakelaiti, ya kahawia, imepasuka. Chumbani kwa marehemu Babu ipo ya shaba ya njano, ya mviringo, imekaa juu ya kibao cha mbao, kishikio chake kama chuchu. Ukiibonyeza inalia *tak!* mpaka mtu aliyelala anashtuka.

Nyuma ya kabati nimekuta soketi ya matundu matatu ya duara, ile kubwa ya ampea 15, imepakwa rangi mara nyingi mpaka matundu karibu yamezibika. Nikafurahi: hii ndiyo hati ya kuzaliwa! Furaha haikudumu. Soketi ya miguu bapa ya ampea 13 tunayotumia leo ni kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, lakini za duara ziliendelea kufungwa miaka mingi baadaye. Haifungi mjadala.

Kazi ya leo imenipa jambo moja tu. Sura ya ukutani haisemi umri wa waya. Swichi hubadilishwa, waya huachwa. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo hilo nilipofunga soketi mpya juu ya utambi.

Mita vilevile. LUKU, mita ya kulipia kabla, ipo nje, changa kuliko vyote. Pembeni yake kuna ubao mnene wenye matundu manne ya skrubu na kivuli cha mviringo ambapo mita ya kuzunguka ilikaa. Mita imeondoka na mwaka wake uliokuwa umeandikwa usoni.

Jumamosi ya pili

Fundi amekuja na kijana wake. Nilimtafuta mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwenye umri, na nimempata. Mvi kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. "Shikamoo Fundi." "Marahaba. Nionyeshe mkubwa wa nyumba." Nikadhani anamtaka Shangazi. Alimaanisha meini swichi.

Ni kasha la chuma, jeusi, mkono wake pembeni kama wa pampu. Ndani kuna viziba vya kauri nyeupe vilivyopigwa na moshi. Fundi alitaka kuona fyuzi ipi ni ya wapi, akaniambia nichomoe ya kwanza kushoto. Nilichomoa. Taa ya ukumbini ikazima. Nikageuka, "Hii ya ukumbini," na mkono tayari unakwenda kwenye holda kutoa globu.

Akanidaka kifundo cha mkono. "Umezima nini?"

"Taa."

"Taa umeizima. Umeme je?"

Akapandisha testa kwenye holda. Ikawaka. Akagusa upande wa pili. Ikawaka tena. Pande zote mbili, na globu imezima kama mchana.

Alikaa chini kunieleza. Kasha hili lina fyuzi kwenye fezi, waya unaoleta moto, na fyuzi nyingine kwenye nyutro, waya unaourudisha. Ukichomoa ya nyutro, mzunguko unakatika, taa inazima, lakini moto unafika kwenye holda, unapita ndani ya globu na kusimama upande wa pili ukikungoja. Ndiyo sababu mtindo huo uliachwa. Ulikuwa wa kawaida kabla ya Vita ya Pili ya Dunia na uliendelea kuonekana hadi miaka ya 1950. "Ukikuta fyuzi pacha," alisema, "amkia kwanza."

Huo ndio ushahidi wetu wa kwanza wenye uzito, na karibu uniue.

Ushahidi wa pili umetoka ndani ya fyuzi ileile. Uzi wa fyuzi ya taa za ampea 5 unatakiwa kuwa mwembamba kama unywele mnene, milimita 0.20. Wetu ulikuwa mnene mno. Kijana akaupima kwa maikromita: 0.74. Fundi akatoa jedwali lake lililokunjwa mara nane. Uzi wa 0.50 ni wa ampea 15. Uzi wa 0.75 ni wa ampea 25.

Kwa maneno mengine, kuna mtu, siku moja gizani, fyuzi imekatika na dukani kumefungwa, alichomoa uzi kutoka kwenye kipande cha waya kilichokuwa karibu, akauviringisha, taa zikawaka, watu wakashukuru. Tangu hapo mlinzi amelala. Birika peke yake, la wati 2000, linavuta karibu ampea 9. Ongeza pasi, ongeza friji linapoanza kunguruma. Waya wa taa umebebeshwa mzigo wa jiko na hakuna wa kusema basi, mpaka soketi ilipoanza kunuka changu.

Nani alifanya hivyo? Namshuku baba yangu. Sijamwambia Shangazi.

Jumapili, darini

Tumepanda saa moja asubuhi kabla bati halijashika moto. Kufikia saa nne huwezi kukaa. Popo, vumbi, gazeti lililogeuka unga. Mabomba ya chuma meusi yamelala juu ya boriti yamenyooka kama mistari ya daftari, kila kona ina kiboksi cha mviringo. Nikamwambia Fundi, hii si kazi ya kubahatisha. Akasema, "Aliyefanya hii alikuwa anajiheshimu."

Tukaanza na bomba lenyewe. Tukakwangua rangi, kijana akalibana kwa kalipa: 19.1. Bomba la chuma la siku hizi ni milimita 20 nje. Robo tatu ya inchi ni 19.05. Basi ni bomba la inchi, la kabla Uingereza haijahamia vipimo vya mita mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia 1970. Na hapo hapo hadithi ya Mjerumani ikaanza kulegea. Mafundi wa Kijerumani wa zama zile walizoea bomba la aina ya Bergmann, ambalo ndani ni karatasi iliyoloweshwa lami na nje ni gamba jembamba la bati au shaba lililokunjwa kwa mshono. Hili letu ni chuma tupu, lina hesi, la Kiingereza.

Kisha kiboksi. Skrubu mbili, mfuniko ukatoka na mchwa wakavu. Ndani nyaya zimeungwa kwa vikombe vya kauri.

Hapa nataka kwenda polepole, maana waya huu ndio niliokuja kuuona. Fundi alikata kipande cha shubiri moja na kukilaza kwenye kiganja. Nje kabisa, kitambaa cha pamba kilichosukwa, kimepakwa kitu kama nta nyeusi ambacho bado kinaacha alama kidoleni. Chini yake, utepe wa kitambaa umezungushwa. Chini ya utepe, mpira, uliokuwa mwekundu na sasa una rangi ya tofali. Ndani ya mpira, nyuzi tatu zinazong'aa nyeupe.

"Aluminiamu," akasema kijana.

Fundi hakujibu. Alifungua kisu, akakwangua uzi mmoja mara mbili. Chini ya weupe ikatokea shaba nyekundu, changa, kama imetoka dukani.

Weupe ule ni bati. Mpira wa nyaya za zamani ulipikwa kwa salfa ili ushikamane, na salfa huila shaba na kuifanya nyeusi, na shaba nayo huuharibu mpira. Kwa hiyo kiwandani shaba ilivishwa koti la bati, wasigusane. PVC, ganda la plastiki, ilipokuja, ugomvi huo ukaisha na shaba ikabaki uchi. Basi ukiona shaba nyeupe ndani ya ukuta wa zamani, usiite aluminiamu mpaka uikwangue, na ukiikuta nyekundu chini, ujue uko zama za mpira. PVC ilianza kuenea kwenye nyaya za nyumba miaka ya 1950, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 mpira ulikuwa unaaga.

Maikromita: 0.74. Nyuzi tatu, kila moja 0.74. Inchi 0.029 ni milimita 0.737. Fundi akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. "Tatu ishirini na tisa," alisema. Ndivyo ulivyoitwa: nyuzi tatu, kila moja sehemu ishirini na tisa za elfu ya inchi. Ulikuwapo na "saba ishirini na tisa" kwa soketi. Waya wa leo wa mbili na nusu, yaani milimita za mraba 2.5, wenye nyuzi saba, kila uzi ni 0.67. Tofauti ya 0.07 huwezi kuiona kwa macho, lakini inatenganisha zama mbili.

Na 0.74 ndiyo namba tuliyoikuta jana kwenye fyuzi. Uzi ule ulitoka kwenye mwili wa nyumba hii hii.

Jambo lililonishangaza: katikati ya bomba, ambako hakuna hewa wala joto la globu, mpira bado ni laini, unaukunja na unarudi. Mwishoni, juu ya holda, unabomoka kwa kuutazama. Waya mmoja, siku moja ya kuzaliwa, upande mmoja kijana na mwingine maiti. Miaka mingi ya globu za wati 100 zilizoning'inia zimeupika juu kwa juu.

Jumatatu, baada ya kazi

Nimerudi peke yangu na tochi kuangalia ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Umeme umezimwa tangu nje.

Kwenye kasha la meini kuna boliti, na kutoka hapo waya wa shaba mnene unapita ukutani hadi chini ya bomba la maji la zamani. Wakati ule mabomba ya chuma ya umeme yenyewe ndiyo yalikuwa ethi, na yote yalifungwa kwenye bomba la maji linaloingia ardhini. Mpango mzuri. Ila bomba la maji lilipooza, likabadilishwa kuwa la plastiki. Kilichobaki ni kipande cha chuma kama mkono mmoja, kimetokeza ukutani, kimefungwa waya wa ethi, hakiendi popote. Fundi bomba hakujua, fundi umeme hakuitwa.

Nikafungua ile boliti ili nione kama imeshika. Chini ya nati hapakuwa na washa. Palikuwa na pesa. Senti kumi, ile ya tundu katikati, imekuwa kijani kabisa. Niliisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ikasema: East Africa, jina la Mfalme George wa Sita, 1952.

Nimekaa nayo muda mrefu chini ya tochi. Pesa haiwezi kufungwa kabla haijapigwa. Kwa hiyo boliti hii ilikazwa 1952 au baadaye. Inawezekana ilifungwa miaka mingi baada ya nyaya, wakati wa marekebisho. Sarafu hunipa mlango wa kuingilia, hainipi wa kutokea. Lakini rangi nyeusi ya kasha imepakwa juu ya nati na ukingo wa sarafu kwa pamoja, mkono mmoja, brashi moja. Mimi naamini zilizaliwa siku moja.

Jumamosi ya tatu, uani

Vyumba viwili vya uani ni hadithi nyingine. Hapa hakuna bomba la chuma. Waya bapa wa kijivu umepigwa klipu za bati juu ya mbao. PVC. Ndani yake nyekundu na nyeusi, ya ethi haimo.

Kijana alifungua swichi akarudisha mkono. Kitu cha kijani, kinene kama asali, kimeteremka kutoka kwenye waya, kimepita nyuma ya swichi na kuchora mstari ukutani. "Kutu ya chumvi ya bahari," alisema. Tanga kila kitu husingiziwa bahari.

Kutu ya bahari ni kavu, ni unga. Hiki kilikuwa mafuta. PVC ni ngumu kwa asili. Hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu. Nyaya nyingi za Uingereza za miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970 zina kasoro inayojulikana: mafuta hayo hutoka kwenye ganda, yakikutana na shaba yanageuka kijani, na joto likizidi hutiririka kufuata waya hadi kwenye swichi. Chini ya bati la Ngamiani joto halijawahi kuwa shida kupatikana. Ni uchafu wa kunata, si wa kuonjwa wala kushikwa mikono mitupu, nasi tulivaa glavu. Ganda lililopoteza mafuta yake hukakamaa.

Uzi ni mmoja tu, mnene: 1.12. Hiyo ni inchi 0.044. Bado inchi, basi bado kabla ya mita. Na haina ethi. Kanuni za Uingereza zilianza kudai ethi kwenye sakiti za taa mwaka 1966, na mafundi wetu walifanya kazi kwa kanuni hizo, kila mmoja kwa wakati wake. Nikaandika daftarini: kati ya 1960 na 1970. Kisha nikamuuliza Shangazi vyumba hivi vilijengwa lini, bila kumwonyesha nilichoandika.

"Mwaka wa Azimio," akasema pale pale. "Kaka alikuwa anaoa, redio inasema Azimio, mafundi wako juu ya bati wanasikiliza badala ya kupigilia."

Azimio la Arusha, Februari 1967. Nikalifunga daftari.

Jikoni ni haraka. Kahawia na bluu, ethi ya kijani yenye mstari wa njano, waya wa mbili na nusu. Uingereza ilifanya rangi hizo kuwa za lazima kwa nyaya za ukutani Aprili 2006. Huku madukani zote zipo hadi leo, kwa hiyo rangi peke yake isingetosha. Bahati nzuri jiko nililisimamia mimi mwaka 2014.

Jumapili, mega

Fundi amekuja na mega. Unachomoa kila kitu, globu zote, unapitisha volti 500 kati ya waya na waya, kisha waya na ethi, unasoma ganda linazuia kiasi gani. Chini ya megaomu 1 waya haufai.

Jiko: zaidi ya 200, sindano imelala mwisho. Uani: 1.4 upande wa taa, 0.9 chumba cha pili. Ukumbi na vyumba vya mbele: 0.04. Fundi akapiga kioo cha mashine kwa kucha akidhani imeganda, akarudia. 0.04.

Hapa tulibishana kidogo. Mimi nilitaka kuiachia uani mwaka mmoja, kwa sababu ya fedha, 1.4 imepita mstari. Fundi akasema mstari si ukuta: leo ni kiangazi, mpime masika yakiwa yamenyesha wiki nzima uone. Nimekubali nusu. Chumba cha pili kinazimwa. Cha kwanza kinabaki na taa moja tu ya LED, bila soketi, mpaka Desemba. Yeye hakuridhika, na ameandika maneno hayo kwenye karatasi yangu kwa mkono wake, akatia tarehe.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Barazani, kahawa na kashata. Nikamwambia Shangazi matokeo: nyaya za mbele ni za mpira, bomba la inchi, fyuzi pacha, sarafu ya 1952. Ni za miaka ya 1950, zama za Mwingereza. Umeme wenyewe mji huu uliupata kwa wingi kutoka maporomoko ya Pangani, yaliyofungwa mitambo miaka ya 1930 na kampuni iliyoanzishwa 1931, TANESCO yenyewe, mashamba ya mkonge yakiwa wateja wakubwa. Hale ilifuata 1964. Mjerumani alikuwa ameshaondoka muda mrefu. Nilijitahidi kulisema kwa adabu.

Shangazi alinitazama kama nimetoka kumwambia kwamba embe huota mtini.

"Nani kasema Mjerumani wa vita?"

"Si nyinyi mnasema—"

"Mjerumani alikuwa fundi! Wa reli. Mweusi tii, mtu wa Pongwe. Wakimwita Mjerumani kwa sababu akija saa moja ni saa moja, na ukimpa msumari uliopinda anakurudishia. Mimi nilikuwa bado sijavunja ungo alipofunga umeme hapa. Babu yako akamwambia weka waya juu juu tu, rahisi. Akakataa, akasema bila bomba haweki. Walikosana wiki mbili."

Nikabaki na kikombe mkononi. Miaka yote hii, vizazi viwili tumekuwa tukimlaumu Kaisari kwa kazi ya jirani wa Pongwe, na kazi yenyewe, kwa nilivyoiona darini, ilikuwa bora kuliko zote zilizofuata. Kilichoiua si yeye. Ni globu zetu, birika letu na ule uzi wa 0.74.

Nikampa ile senti kumi. Akaigeuza, akasema ya Mjerumani kweli hiyo, hakupenda kupoteza muda kwenda dukani kwa ajili ya washa. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jumamosi ya nne, tulipofika

Kasha jeusi limetoka. Mahali pake pana kasha jipya la sakiti breka lenye kinga ya kukata umeme unapovuja. Jiko limeungwa humo peke yake, friji limerudi, halinuki. Vyumba vya mbele giza. Shangazi analalamikia kibatari kuliko alivyowahi kulalamikia samaki.

Nyaya za mpira tumezivuta zote. Nilidhani tungepitisha mpya ndani ya mabomba ya zamani, Fundi akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba akakitoa na damu: kutu imefanya meno ndani. Mabomba yanabaki darini yalivyo, matupu. Mnunuzi wa chuma chakavu amepita mara mbili, Shangazi amemfukuza mara mbili. Swichi ya shaba ya chumbani kwa Babu nayo inabaki ukutani, haijaungwa na kitu. Bado inalia *tak*.

Kilichobaki: roli mbili za waya wa moja na nusu, moja ya mbili na nusu, mabomba ya plastiki, na nondo ya ethi. Shimo la nondo linachimbwa Jumamosi. Fundi alipachagua karibu na ukuta, penye unyevu wa maji ya kuoshea vyombo. Shangazi amesema hapo pana asumini yake na haichimbwi, tuchimbe upande wa pili. Fundi anasema upande wa pili ni matumbawe matupu. Mazungumzo yanaendelea.

Na nimemuuliza baba kuhusu uzi wa fyuzi. Ameniuliza mvua zimeanza huko Tanga au bado.